Sevisi ya mashine ya boti: shilingi 16,000 kwa saa, petroli mbali

Wanangu wana mchezo wao tukitoka Kunduchi. Mmoja hukaa nyuma kabisa, jirani na mashine, na kazi yake ni kupaza sauti kila baada ya muda: "Inakojoa!" Wenzake wanaangua kicheko, maana wako kwenye umri ambao neno hilo bado lina utamu wake. Siwakatazi. Nyuma ya mashine ya boti kuna kitundu kinachorusha maji ya bahari, mkondo mwembamba kama wa birika, na kwa maji yale ndipo unapojua mashine inapoa. Gari lina rejeta na maji yake yenyewe. Mashine ya boti inakunywa bahari na kuitema. Fundi wetu, mzee wa Kipemba aliyezeeka na spana mkononi, aliniambia siku ya kwanza, kabla hata hajauliza jina langu: "Ikiacha kukojoa, mwanangu, zima. Usiseme nifike pale kwanza. Zima."

Novemba ya mwaka juzi hakuna aliyekuwa anaangalia. Jumapili jioni, tunarudi kutoka Mbudya, watu tisa, boksi la barafu limeshakuwa tupu, mtoto wa jirani amelala juu ya taulo. Kisiwa bado kinaonekana kikubwa nyuma yetu. Mara mlio, mmoja, mrefu, usiokatika, na mashine ikapunguza nguvu yenyewe kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Shemeji yangu alikuwa kwenye usukani. Akasukuma moto zaidi, akidhani petroli ndiyo inayokatika. Nikageuka. Kitundu kikavu.

"Zima, shemeji!"

"Ngoja tusogee kidogo…"

"Zima!"

Akazima. Tukabaki tunasikia maji yakigonga ubavu wa boti, na ndani ya kava la mashine kitu kinalia ta, ta, ta, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Wavuvi wawili waliokuwa wanarudi na boti yao ya faiba na mashine ya Yamaha ya farasi 40 ndio waliotufunga kamba hadi ufukweni. Nilipouliza tuwape nini, mkubwa wao alisema, "Tujazie petroli tuliyochoma tu, dada. Leo wewe, kesho mimi." Tuliwapa na ziada. Ndiyo ilikuwa gharama ndogo kuliko zote zilizotokana na safari ile.

Keshoyake fundi aliiteremsha miguu ya mashine, yaani sehemu ya chini yenye giaboksi na propela. Bolti zilitoka kwa shida, chumvi imekauka kwenye nyuzi zake nyeupe kama chokaa. Halafu akafungua kibweta cha pampu ya maji. Ndani hukaa impela, gurudumu la mpira lenye mbawa sita ambazo zinajikunja na kujikunjua kila mhimili unapozunguka, zikisukuma maji ya bahari kwenda juu. Yetu ilikuwa na mbawa mbili. Nne zilikuwa zimekatika, pengo baada ya pengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akachukua moja ya zile mbili zilizobaki, akaikunja kwa kidole gumba, ikakatika palepale. Akainusa. Akanitazama.

"Huu si mpira wa bahari huu. Hii kandambili."

Sasa niseme ukweli, maana mwenye kosa ni mimi. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia wenzangu ofisini wasinunue kitu kwa kuwa ni rahisi. Mwezi Mei mwaka uleule, wakati wa sevisi, seti ya impela orijino ilikuwa shilingi 165,000, na kwenye duka moja Kariakoo nikaoneshwa nyingine, boksi zuri, maandishi yameiva kuliko hata ya orijino, kwa 35,000. Nikafanya hesabu ya haraka: ni mpira tu, mpira ni mpira. Niliokoa 130,000. Impela ile ilitembea masaa 19.

Ubaya wa mbawa zilizokatika ni kwamba hazipotei. Zinasukumwa na maji kwenda juu, zinakwama kwenye njia nyembamba za kupoza silinda, na hapo hata ukifunga impela mpya maji hayapiti. Ikabidi kufungua hedi, yaani kichwa cha silinda, kutafuta vipande kimoja kimoja kwa waya na koleo, kubadilisha gasketi ya hedi, themostati, na pampu nzima kwa sababu kibweta chenyewe kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja. Siku nne za ufundi. Jumla yake ni shilingi 1,940,000, na ninaikumbuka bila kufungua daftari. Fundi alisema tuna bahati. Tungeendelea dakika tano nyingine zile alizotaka shemeji, tungekuwa tunaulizia bei ya mashine.

Tangu hapo nina daftari. Kubwa, la kaunta, lenye jalada gumu, linakaa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boti. Watu wengi wanaotaka kununua boti ya kutembelea wananiuliza swali lilelile: sevisi ni bei gani? Wanataka tarakimu moja. Ninayo, na nitaitoa, lakini kwanza nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa hadi mwaka wa tatu.

Boti yetu ni ya futi 19, mashine ni Yamaha F115 ya mwaka 2008, foo-stroki, yaani oili yake haichanganywi na petroli, silinda nne, inayopuliziwa petroli kwa nozeli. Tuliinunua mwaka 2020, mimi na shemeji, nusu kwa nusu. Mume wangu hajui kuogelea na wala hataki kujua, kwa hiyo yeye ni mshauri wa nchi kavu. Aliyetuuzia alitusifia sana jambo moja: mashine ina masaa 290 tu. Miaka kumi na miwili, masaa 290! Tukaona tumeokota dodo. Gari lililotembea kilomita chache linagombewa, na tukadhani na mashine ya boti ni hivyohivyo.

Fundi alipoziona zile tarakimu kwenye saa ya mashine hakufurahi hata kidogo. "Hii haikufanya kazi," alisema, "hii imelala." Na akaanza kutuonesha usingizi ulivyoila. Petroli iliyokaa kwenye kitanki kidogo cha ndani ya mashine ilikuwa imegeuka kitu kama gundi ya kahawia, na nozeli zote nne zikabidi zikaoshwe. Impela ya zamani mbawa zake zilikuwa zimelala upande mmoja, zimezoea kujikunja, hazirudi. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye njia za maji. Plagi moja ilikuwa imeota kutu hadi ikashikana na aluminiamu ya hedi. Kila kitu kilichokuwa kibovu kilikuwa kibovu kwa kukaa.

Kitabu cha mashine kinasema sevisi ifanyike kila masaa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Mvuvi kwake yanatangulia masaa. Sisi wa wikiendi unatangulia mwaka, tena unatangulia mbali. Sisi tunatembea masaa 50 hadi 60 kwa mwaka. Masika hatutoki, Kusi likichafuka hatutoki, mwezi wa shule hatutoki, harusi za ukoo zikianza hatutoki. Bahari ya kwetu ni kuanzia Oktoba hadi Machi, na hata humo si kila wiki. Kwa hiyo tunamwaga oili ambayo haijafika nusu ya kazi yake, tunatupa impela ambayo ingeweza kuendelea, tunabadilisha filta ambazo ukizitazama ni safi. Mwaka wa kwanza niliona tunaibiwa. Siku hizi naona tunacholipia ni ile miezi ambayo mashine iko chini ya turubai, na chumvi haiendi likizo.

Haya, daftari. Sevisi ya mwaka jana, bei nilizolipa mimi, Dar es Salaam, spea orijino:

Oili ya mashine, galoni ya lita nne na kopo la lita moja juu yake, 138,000. Filta ya oili 38,000. Oili ya giaboksi na washa zake mbili 34,000. Seti ya impela 165,000. Plagi nne 88,000. Filta mbili za petroli, ile kubwa ya kuchuja maji na ile ndogo ya ndani, 85,000. Zinki 95,000. Girisi na dawa ya kupulizia isishike kutu 37,000. Ufundi 200,000.

Inakuja 880,000. Tulitembea masaa 55. Gawanya: 16,000 kwa kila saa ambayo propela ilizunguka, kabla hujaweka hata tone la petroli.

Na petroli? Tukienda mwendo wa kawaida, mashine inachukua kama lita 22 kwa saa. Ukiifungulia yote inakaribia 40. Bei huwa naiangalia EWURA wakitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kurahisisha hesabu naweka shilingi 3,000 kwa lita. Saa moja ni 66,000. Yaani sevisi ambayo kila mtu anailalamikia ni robo ya petroli ambayo hakuna anayeilalamikia. Petroli inatoka kidogo kidogo, kila mgeni anachanga, mtu anasema "leo nawatilia mafuta" na anapigiwa makofi. Hajatokea mgeni aliyeniambia "leo nawanunulia zinki." Sevisi inakuja kwa mkupuo, mwezi wa Mei, wakati ada za shule za muhula hazijapoa, na inakuta boti imekaa wiki sita bila kumfurahisha mtu.

Hapo sijaweka leseni na ukaguzi wa TASAC, shirika la uwakala wa meli, viingilio vya kisiwani, trela, wala mlinzi wa ufukweni. Hayo si ya mashine. Mashine peke yake.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye sevisi, na shemeji ananicheka kwa hili, ni kumwaga oili ya giaboksi. Kwenye miguu ya mashine kuna skurubu mbili, ya juu na ya chini. Fundi anaweka chini kopo la maziwa ya unga lililokatwa, analegeza ya chini kwanza bila kuigusa ya juu. Kwa kuwa hewa haiingii, oili inatoka kwa uchoyo, tone kwa tone. Haya matone ya kwanza ndiyo yenye habari. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yatakuwa yamelala chini na yatatangulia kutoka. Au oili itatoka imechanganyika nayo, rangi ya chai ya maziwa. Wote tunainama. Kama ni nyeusi au ya kahawia iliyo safi, fundi anasema "alhamdulillahi," anafungua ya juu, na oili inashuka yote kwa pamoja. Skurubu ya chini ina sumaku nchani. Anaipangusa kwa kidole, anaangalia ile vumbi laini ya chuma kama mganga anayesoma mchanga. Unga ni kawaida. Chembe unazoweza kuzishika, hapo anza kuuza mbuzi.

Mwaka 2022 ilitoka chai ya maziwa. Sili ya mhimili wa propela, ule mpira unaozuia maji yasiingie, ilikuwa imekatwa, na aliyeikata tukamkuta hapohapo: mshipi wa kuvulia, umejizungusha nyuma ya propela mizunguko haihesabiki, umeyeyuka kwa joto na kuwa kama pete ya plastiki. Ulikuwa wetu wenyewe. Tuliburuta chambo upande wa Fungu Yasini, samaki akakata, shemeji akapiga rivasi juu ya mshipi uliobaki majini. Sili zenyewe hazikufika 60,000. Tungekaa na chai ile mwaka mzima gia zingeliwa, na giaboksi ya F115 naomba usiniulize bei. Sasa kila tukibadilisha oili tunatoa propela vilevile na kutazama nyuma yake. Ni nati moja na pini.

Kujaza nako kuna utaratibu wake unaowashangaza wengi: oili ya giaboksi hutiwa kwa chini, ikisukumwa kupanda, hadi ichungulie kwenye tundu la juu. Ukitia kwa juu unafungia hewa ndani. Unafunga skurubu ya juu kwanza, ndipo unachomoa mpira wa chini na kuwahi kuziba. Inaingia robo tatu ya lita hivi. Nimeshaifanya mwenyewe mara mbili. Mikono ilinuka kiberiti siku mbili nzima, na ofisini nilisingizia jenereta.

Zinki nazo zinastahili neno, kwa kuwa ndizo watu wanazoziruka. Ni vipande vya chuma duni vinavyofungwa kwenye mashine makusudi viliwe. Bahari ikikutana na vyuma viwili tofauti lazima ile kimoja, na inaanza na kile kilicho dhaifu. Ukimpa zinki, ataacha miguu yako ya aluminiamu. Zikibaki nusu unabadilisha. Jirani yetu pale ufukweni aliona zimechakaa, zinatia aibu, akazipaka rangi ya fedha zikapendeza. Bahari haikuziona tena zile zinki, ikahamia kwenye mashine. Plagi na filta sina la kusema, ni kufungua na kufunga.

Wale wavuvi waliotuvuta nikaja kuzoeana nao. Mkubwa wao ana Yamaha Enduro, ile ya farasi 40, tuu-stroki, silinda mbili, ile mashine ambayo ukitembea kuanzia Tanga hadi Mtwara huwezi kuikosa hata kijiji kimoja cha pwani. Siku moja nikamwomba tufanye hesabu yake kama ya kwangu. Alicheka, lakini alikaa. Yeye mashine yake inanguruma kama masaa manne kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Ukizidisha kwa mwaka unapata zaidi ya masaa 1,000. Masaa yangu 55 yeye anayamaliza kwa wiki mbili na siku chache.

Hamwagi oili ya mashine, kwa kuwa haina ya kumwaga. Oili yake anaichanganya na petroli, lita moja kwa lita hamsini, inaungua na kwisha, moshi wa buluu unabaki nyuma yake. Kwa hiyo sevisi kubwa anailipa kila asubuhi kwenye dumu, bila kujua kwamba ni sevisi. Impela anabadilisha mara mbili au tatu kwa mwaka, mwenyewe, mchangani, kwa spana mbili na bisibisi, na kipande cha gunia chini ili nati zisizame. Plagi anazo za akiba kwenye chupa ya karanga. Oili ya giaboksi akiona inafaa. Tulipojumlisha vipuri vyote vya mwaka, tukaacha ile oili ya kuchanganya, ilikuwa haifiki 1,500 kwa saa.

Akazitazama tarakimu mbili, yake na yangu. "Dada," akasema, "wewe yako umeifuga."

Nimetafakari sana kama tungenunua tuu-stroki. Bei ya kununulia iko chini, fundi yeyote wa ufukweni anaifungua usiku bila taa, na haina mkanda, haina valvu, haina kompyuta. Lakini inakunywa petroli zaidi kwa kazi ileile, oili ya kuchanganya si ya bure, na moshi wake ukikaa nyuma na watoto huku upepo unatoka tezi, yaani nyuma ya boti, kichwa kinauma. Kwa mtu wa masaa 1,000 mimi ningechukua alichochukua mvuvi. Kwa masaa 55 sijui kama ningejuta au la. Shemeji anasema ningejuta. Shemeji pia ndiye aliyesema tusogee kidogo.

Kilichopunguza gharama zetu kuliko ujanja wowote ni maji baridi, maji yasiyo na chumvi. Kila tukirudi, kabla ya kuoga, kabla ya samaki, mashine inasuuzwa. F115 ina mpira mdogo pembeni wa kuunganishia bomba, na kupitia huo unasuuza mashine ikiwa imezimwa, kama robo saa. Ukitaka iwe inawaka unavisha vikombe viwili vya mpira kwenye miguu, pale inapovutia maji, na usijaribu kuiwasha kavu hata kwa sekunde chache, impela itaungua.

Tatizo ni kupata hayo maji. Mwanzoni tulisuuza kwa maji ya kisima cha pale tunapoegesha, tukajisifu kwa bidii. Baada ya miezi fundi akauliza tunatumia maji gani. Akachota kiganja, akaonja, akatema. "Mnaiosha chumvi kwa chumvi." Visima vingi vya karibu na ufukwe ndivyo vilivyo, unaoga lakini sabuni haitoi povu. Sasa tuna tenki la lita 500 juu ya stendi ya mbao, linajazwa maji ya bomba yakitoka, na yasipotoka tunanunua kwa madumu. Yananigharimu kama elfu tatu kila safari. Kwa mwaka mzima hazifiki bei ya impela moja.

Na kabla ya Masika tunailaza kwa adabu. Tenki kubwa tunalijaza hadi juu lisibaki na nafasi ya unyevu kugeuka matone, betri inakuja nyumbani, na mara moja kila wiki mbili mtu anakwenda nayo, anaivisha mashine vikombe na kuiwasha dakika kumi. Mtu huyo ni mimi. Nakwenda na kiti cha plastiki na chapati. Mlinzi wa pale alinizoea hadi siku moja alimwambia mgeni kwamba mimi ni fundi wa kike, nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na jahazi Kilwa Kivinje. Sikuliwahi, ila mama alilikuta, na anakumbuka harufu yake zaidi ya sura. Kila mwaka Kusi likivuma kwa nguvu lilipandishwa pwani kwa maji ya bamvua, likalazwa ubavu, watoto wakatumwa kukwangua magamba ya baharini yaliyogandana nalo. Mafundi walitia kalafati kwenye maungio ya mbao, huko chini likapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa, na juu likapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa ambayo mama anasema yalikuwa yananuka hadi kwenye ndoto. Majuma matatu, manne, hakuna kipato, na babu analisha mafundi. Mama alipoisikia hesabu yangu ya 880,000 hakushtuka kama nilivyotaka ashtuke. Aliuliza tu: "Na mafundi mnawapikia?" Hatuwapikii. Mwaka huu tulipika pilau, na fundi alikaa saa mbili zaidi akatukazia hata bolti za kiti ambazo hatukumwomba.

Mwaka huu sevisi imepita vizuri. Impela orijino, nimelikata boksi lenyewe mbele ya muuzaji na kuukunja mpira kwa kidole, akaniangalia kama nina wazimu. Oili ya giaboksi ilitoka safi. Juzi Jumamosi tulikwenda Mbudya na kurudi, inakojoa kama kawaida, nikaweka mkono kwenye yale maji, vuguvugu la kuogeshea mtoto mchanga. Saa ya mashine inasoma 561.

Kimebaki kimoja. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, unabadilishwa kila miaka mitano au masaa 1,000, na wa kwetu ulifungwa Desemba 2020. Masaa uliyotembea hayafiki 300, hata theluthi hayajafika, na ukiutazama ni mweusi, mzima, hauna mpasuko. Nimeulizia: 420,000 mkanda, 150,000 ufundi. Nimemtumia shemeji meseji tangu juzi. Alama mbili za buluu zimetokea, jibu bado.